Kichupa cha BDNF cha mikrogramu 10: kizuri kwenye seli, kigumu kwenye ugwe mgongo

Ukikiinua kichupa hiki kwenye mwanga utadhani umeuziwa hewa. Mikrogramu 10 za BDNF zilizokaushwa kwa kugandishwa hujilaza kama utando usioonekana, na safarini hupanda hadi kwenye kifuniko. Kwa hiyo kabla ya kufungua, kizungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde 30 hivi. Anayeiruka hatua hii hupoteza sehemu ya protini kwenye kifuniko, kisha huilaumu bidhaa kuwa dhaifu.

BDNF ni protini ya ishara. Hushika kipokezi kiitwacho TrkB kwenye seli za neva na kuziamrisha zibaki hai, zichipue matawi na kuimarisha miunganiko yake. Ndiyo sababu wanaochunguza majeraha ya ugwe mgongo, yaani ule uzi wa neva unaopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, huiagiza sana. Tunachokipima hapa ni kichupa cha kawaida cha maabara: protini ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli, isiyochanganywa na albumini, protini ya kawaida ya damu inayoongezwa ili kuilinda.

Karatasi ya vipimo inayokuja nacho isomwe kabla ya kulipa. Wengi hukimbilia kuangalia usafi, wakiona asilimia 95 wanaridhika. Kinachoharibu majaribio ya ugwe mgongo zaidi ni endotoksini, masalia ya ukuta wa bakteria. Mikroglia, ambazo ni seli za kinga za ugwe mgongo, huyatambua kupitia kipokezi cha TLR4 na huwaka papo hapo, hata pale protini yenyewe haijafanya lolote. Hapo utaona uvimbe na vifo vya seli, uandike kwamba BDNF ndiyo iliyosababisha. Kwa seli za sahani, chini ya uniti 1 kwa kila mikrogramu hutosha. Kwa mnyama aliyejeruhiwa tafuta toleo lenye chini ya 0.1, na muuzaji asiyeandika namba hiyo aachwe.

Hakikisha pia ni BDNF iliyokomaa. Inafanya kazi zikiwa molekuli mbili zilizoshikana, kila moja ikiwa na uzito wa kilodaltoni 13.5 hivi, kwa hiyo pamoja ni 27. Umbo lake la awali, proBDNF, ni kitu kingine kabisa: hushika kipokezi cha p75 kikisaidiwa na kipokezi kingine, sortilini, na huweza kuiamrisha seli ya neva ife. Majina yanafanana na hutofautiana kwa silabi moja tu, lakini kosa la kuagiza hapa hugeuza matokeo yote kichwa chini miguu juu.

Kuyeyusha ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na mbovu. Kwanza acha kichupa kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, vinginevyo unyevu wa hewa huingia ndani. Weka mikrolita 100 za bafa ya fosfeti tasa yenye albumini ya ng'ombe asilimia 0.1, ukiiteremsha polepole ukutani mwa kichupa. Kiinamishe taratibu, kiache dakika 15 hadi 30. Usikitikise kwa mashine, maana povu huivuruga protini kwenye mpaka wa maji na hewa. Sasa una mikrogramu 100 kwa mililita: mikrolita 1 kwenye mililita 2 za lishe ya seli hukupa nanogramu 50 kwa mililita, kipimo kinachotumika sana.

Albumini si pambo. BDNF ina chaji chanya nyingi, hung'ang'ania plastiki na kioo, na ikizimuliwa sana bila albumini sehemu kubwa huishia ukutani mwa kichupa. Tumia vichupa vya plastiki isiyonasa protini. Usiichuje ikiwa imeshazimuliwa, kwa sababu chujio nalo huinasa. Gawa mafungu ya mikrolita 10, gandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na fungu likishayeyuka lisirudishwe kwenye friza. Kwa mnyama, badili albumini ya ng'ombe utumie ya spishi ileile, la sivyo kinga ya mwili itapambana na albumini.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Chukua seli za SH-SY5Y, aina ya seli za uvimbe wa neva za binadamu zinazokuzwa maabara, zilee na asidi ya retinoiki mikromola 10 kwa siku 5 ili zioteshe TrkB, kisha zipe nanogramu 50 kwa mililita kwa dakika 15. Utafute ERK iliyoongezewa fosfeti, yaani protini ya ndani ya seli inayowashwa TrkB inapopokea ishara. Isipopanda, jiulize kwanza kama seli zilipata retinoiki. Bila hiyo TrkB ni haba na protini nzuri huonekana mbovu.

Hadi hapo bidhaa inastahili sifa. Kwenye ugwe mgongo wenyewe hesabu hubadilika. Pampu ndogo ya osmosisi, inayopandikizwa ndani ya mnyama, yenye mikrolita 100 inayotoa mikrolita 0.25 kwa saa hutoa mikrolita 6 kwa siku kwa wiki mbili. Ukitaka mikrogramu 6 kwa siku, pampu ijazwe kwa miligramu 1 kwa mililita, yaani mikrogramu 100: vichupa kumi kwa panya mmoja. Nunua kifurushi kikubwa au usianze. Protini hiyo hukaa nyuzi 37 siku zote hizo, ikipoteza nguvu na kunasa kwenye katheta, yaani mrija wake. Pima kinachotoka mwishoni mwa mrija. Kilichoingia kwenye pampu hakikuambii mengi.

Hata inayofika haiendi mbali. Astrosaiti, seli zinazozisaidia seli za neva, hubeba TrkB fupi isiyo na sehemu ya ndani ya kupeleka amri, nayo huimeza BDNF kabla haijapenya kwenye tishu. Baada ya jeraha TrkB hiyo huongezeka. BDNF ukiiweka kwenye damu huondoka ndani ya dakika chache na haivuki vizuri kizuizi kati ya damu na neva.

Dozi kubwa nayo ina deni lake. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba BDNF inayotolewa na mikroglia huvuruga mizani ya kloridi kwenye neuroni, yaani seli za neva, hivyo ishara za kutuliza hushindwa na maumivu ya neva huzuka. Kwa hiyo panya anayepewa BDNF apimwe maumivu na kukakamaa kwa misuli kila wiki sambamba na kutembea. Ripoti inayotaja hatua za miguu peke yake imeacha nusu ya habari.

Kama lengo ni nyuzi ndefu zinazoshuka kutoka gamba la ubongo, nunua NT-3, protini ya ukuaji ya jamii moja na BDNF. Katika kazi ya mwaka 1994 kwa panya wakubwa, NT-3 iliongeza uchipuaji wa nyuzi hizo pale zilipokatwa, BDNF haikufanya hivyo. Nyuzi zilikwenda mbali pale tu NT-3 ilipounganishwa na kingamwili za kuzima vizuizi vya mielini, ule utando unaofunika nyuzi za neva. GDNF, protini nyingine ya ukuaji, nayo ina tabia ya kuvutia aksoni (nyuzi za seli za neva) hadi penye protini nyingi, zikanaswa hapo bila kuendelea mbele.

Kwa kukuza neuroni na kufundishia njia za ishara, tunakipa kichupa hiki nyota nne kati ya tano. Moja imekatwa kwa sababu wauzaji wengi huficha namba ya endotoksini. Kwa pampu ya mnyama, mbili.

Lebo yake husema ni cha utafiti pekee, na hilo ni la kuzingatiwa kwa uzito. Hakuna dawa ya BDNF iliyoidhinishwa kutibu jeraha la ugwe mgongo. Mtu akiambiwa achomwe sindano ya "protini za ukuaji" mgongoni, aulize jina la protini, kiwango cha endotoksini na kibali cha jaribio, na asikubali kuguswa kabla ya majibu yote matatu kuandikwa.