Viziba masikio vyenye filta: kelele za watu vinapunguza vizuri, sauti yako mwenyewe ndo balaa

Maoni haya ni ya watu wa aina yangu, wale ambao masikio hayavumilii sauti za kawaida alafu juu ya hapo hata sauti yao wenyewe inawakera mpaka kuuma. Kama unatafuta kitu cha kulalia kwa sababu mwenzio anakoroma basi nyota walizotoa wanunuzi wengine zinakutosha, nunua tu ulale. Ila kama ukiongea sentensi mbili tatu unahisi kichwa kinajaa na umeanza kunong'ona hata nyumbani kwako mwenyewe, hii ni yako, maana sijaona boksi hata moja linalogusia hili jambo.

Bidhaa yenyewe ni vile viziba vya silikoni vyenye vikofia vitatu vilivyopangana, kidogo mbele kikubwa nyuma, na katikati kuna kitundu chenye filta. Vinakuja na kikebe chake na saizi mbili. Tofauti yake na vile vya sponji ni kwamba sponji inakata sauti nyembamba kuliko nzito, ndo maana mtu akiongea unamsikia kama kajifunika blanketi, wakati filta inapunguza karibu sawasawa juu mpaka chini kwa hiyo maneno yanabaki maneno. Walioanza kunufaika nazo ni wanamuziki, kampuni ya Etymotic ilitoa viziba vya ER-15 mwaka 1988, vinapunguza desibeli 15 bila kuharibu muziki. Hivi vya kwangu ni wajukuu wa hizo, vya bei nafuu.

Kwa kelele za nje sina neno, maksi zote. Sahani zinazogongana, kiti kinachoburuzwa sakafuni, mlango unaobamizwa, mtoto anayepiga ukelele ghafla, vyote vinashuka mpaka kiwango ambacho naweza kukaa sebuleni na watu bila kukunja uso. Ukivaa hata nusu saa unaona mabega yameshuka.

Sasa fungua mdomo uongee.

Jaribu hivi, vaa viziba vyote viwili ukae sehemu kimya, alafu hesabu kwa sauti ya kawaida moja mpaka kumi. Ukifika "mbili" utasikia ile i ya mwisho inavuma ndani ya fuvu, ila ukifika "saba" inapita kiulaini tu. Sio mawazo yako. Irabu za i na u zina nguvu nyingi kwenye sauti nzito na mdomo umebana, kwa hiyo mvumo unapitia kwenye mifupa ya kichwa, ila kwenye a mdomo uko wazi, sauti inatokea nje. Siku hizi nikinunua kiziba chochote hiki ndo kipimo cha kwanza, namba za kwenye boksi zinasubiri.

Sababu yake ni hii. Ukiongea, fupa la taya na nyama za mlango wa sikio zinatetemeka na kutengeneza sauti ndani ya tundu la sikio. Sikio likiwa wazi ile sauti inatoka zake nje wala huijui. Ukiziba inakosa pa kutokea, inarudi kwenye ngoma ya sikio, na zile sauti nzito zinaweza kupanda desibeli 20 na zaidi. Yani umelipia kitu cha kupunguza, wenzio wote kimewapunguza kweli, wewe peke yako kimekuongeza! Kutafuna nako ni hivohivo, na hatua za miguu, ukitembea pekupeku kwenye sakafu ngumu kila kisigino kinapiga kichwani.

Na filta haikuokoi hapa. Kile kitundu ni kidogo mno na kina kizuizi, sauti nzito hazitoki za kutosha. Muuzaji anaandika "ongea kwa uhuru ukiwa umevaa" na kwa mtu mwenye masikio mazima huenda ni kweli, kwangu mimi ni uongo mtupu.

Kinachosaidia ni kina. Sehemu ya nje ya tundu la sikio ni gegedu laini, hiyo ndo inatetemeka sana, ya ndani ni mfupa. Kiziba kikiishia mlangoni kinafungia mtetemo wote ndani, kikiingia zaidi kinaibana ile sehemu laini na mvumo unapungua. Ndo maana, na hii watu hawapendi kuisikia, kiziba cha sponji cha bei ya chini kabisa ukikisokota vizuri, ukavuta sikio juu na nyuma ukakiingiza chote, kinaweza kukutendea haki kwenye sauti yako kuliko hivi vya filta vinavyong'aa. Hasara yake ni kwamba sasa humsikii mtu. Na usilazimishe, kama kuna nta imeganda utaisukumia ndani alafu ndo uanze safari nyingine ya hospitali.

Zile kubwa za kufunika sikio zima kama za mafundi wa mashine nazo ni nafuu kwenye kuongea, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani ni nyingi, kadiri kikombe kilivyo kikubwa ndo mvumo unavyopungua. Shida unaonekana kama unaenda kukata vyuma.

Kitu kingine cha kuchekesha kidogo, ukivaa viziba unajisikia unapiga kelele kwa hiyo bila kujua unashusha sauti, alafu mtu wa mbele yako anakwambia "ongeza sauti sikusikii", yani kitu pekee ambacho hutaki kukifanya ndo anakuomba ukifanye. Dawa yangu ni kuwaambia mapema tu, jamani nikivaa hivi nitaongea chini, sogeeni. Na zamu yangu ya kuongea ikiwa ndefu nalegeza kimoja, sikio lipumue, nikimaliza narudisha.

Kwenye maelezo wameandika unaweza kuvaa siku nzima. Kama tatizo lako ni masikio kutovumilia sauti, usifanye hivo. Kuna utafiti wa Formby na wenzake wa mwaka 2003, watu wenye masikio mazima waliziba masikio muda mwingi kwa wiki 2 na sauti zikaanza kuwaonekea kali zaidi, waliowekewa kivumo kidogo masikioni wakaenda upande wa pili, wakavumilia zaidi. Ubongo ukinyimwa sauti unaongeza volyumu. Mi navaa pale penye kelele ya kweli tu, nyumbani kukiwa kimya navua na naweka kamvumo ka feni au mvua kwenye simu, chini kabisa.

Alafu kuna wale ambao hawatakiwi kununua kabisa kabla ya kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Kama sauti yako inavuma hata bila kuziba chochote, na unasikia pumzi yako inaingia na kutoka sikioni, na ukilala chali au ukiinamisha kichwa inapungua, inaweza kuwa ule mrija unaounganisha sikio na koo unabaki wazi. Kama unasikia mpaka macho yako yakizunguka au kelele kali inakupa kizunguzungu, kuna hali ya kitundu kwenye mfupa wa sikio la ndani, daktari Lloyd Minor na wenzake waliieleza mwaka 1998, na inaonekana kwenye picha ya CT scan. Na uso ukipooza upande mmoja kile kimsuli kidogo cha sikio kinaweza kulegea, sauti zikawa kali upande huo. Kwa wote hawa kiziba kinaweza kuongeza mvumo juu ya mvumo.

Ubora wa kitu chenyewe ni wa wastani. Silikoni haiwashi, kamba ya shingoni itoe haraka kwa sababu ikigusa kola unasikia mkwaruzo sikioni. Osha vikofia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ila filta itoe kwanza, ikilowa inaziba. Saizi jaribu zote mbili, na usishangae sikio la kulia likitaka moja na la kushoto nyingine.

Nyota 4 kwa kusikiliza, 2 kwa kuongea. Mtu wa mikutano mirefu ya kuongea yeye, chukua za kufunika sikio zima, hizi waachie wasikilizaji.