Tiketi ya Dar–London: uliza kwanza unakaa uwanjani masaa mangapi

"Masaa kumi na moja tu, mama," wakala aliniambia huku anakata tiketi. Nikalipa. Kumbe kajumlisha ndege mbili, ya katikati kayaruka: masaa 13 kwenye uwanja wa ndege wa watu, juu ya benchi la chuma lenye vishikio kila baada ya kalio moja, makusudi mtu asijinyooshe. Nimefika kwa binti yangu miguu imevimba, viatu nimebeba mkononi.

Kwa hiyo leo chakula na sinema za ndegeni siviongelei kabisa. Kutoka Dar hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 7,500, na ndege ya moja kwa moja hatuna tangu British Airways waondoke 2013. Lazima ushukie mahali, na mimi nazipanga hivi, ninayoipenda zaidi kwanza.

1. Kenya Airways, Nairobi. Nitukaneni tu, mimi ni wa majirani. Shika ramani uone: Nairobi imekaa karibu juu ya mstari wenyewe, huongezi safari hata kidogo. Saa moja na ushee mpaka Nairobi, kisha kama tisa hadi Heathrow, London. Nachagua kusubiri masaa mawili au matatu. Chini ya hapo, kwa shirika lolote, begi linaweza kukufuata kesho yake.

2. Ethiopian, Addis. Unaongeza kama kilomita 180, si kitu. Hakikisha tu hujauziwa ile ya kulala huko.

3. KLM, Amsterdam. Kipande kirefu unakimalizia usingizini, kinabaki kama kilomita 370. Kwa mfuko wangu, lakini, mh!

4. Turkish (Istanbul), Qatar (Doha), Emirates (Dubai). Istanbul inakuongezea kama kilomita 500. Dubai karibu 2,000! Ndege nzuri, sikatai, ila ni kutoka Posta kwenda Kariakoo kwa kupitia Mbezi.

5. Tiketi mbili mbalimbali za bei chee. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa. Tuendelee.

Sasa ujanja wenyewe. Tiketi huandika saa za kila mji. Ukiona unaondoka Dar 16:00 na kufika London 06:00, utahesabu 14. Hapana: Waingereza wako nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi, mawili wakati wa kiangazi chao. Safari hiyo mwezi wa kwanza ni masaa 17, na wakala anajua. Ndiyo maana hakuonyeshi karatasi mpaka umelipa, na ndiyo maana bei ya kwenye simu ilikuwa dola, nilipofika ofisini ikageuka shilingi kwa kiwango alichoamka nacho yeye.

Niliporudi nikampigia kulalamika. "Lakini mama," akasema, "kukaa uwanjani si kusafiri." Na kwenye risiti yangu kuna mstari umeandikwa: ada ya ushauri wa safari.