Makumbusho ya Paterson: nyambizi mbili zilizobaki, na moja iliyokatwa chuma chakavu

Kazi yangu ni mota za umeme. Nilianza kufunga koili Tanga, kwenye karakana jirani na Sahare, tukihudumia boti za uvuvi, na sasa huku New Jersey natengeneza mota za lifti. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipopanda treni Hoboken na mpwa wangu wa miaka 12 kwenda Paterson, sikufuata maporomoko ya maji ya mto Passaic kama watu wengi. Nilifuata nyambizi.

Niseme mapema ili mtu asije akasikitika: nyambizi niliyoifuata haipo. USS Holland, ambayo Jeshi la Wanamaji la Marekani linaihesabu kuwa mwanzo wa nyambizi zake zote, ilivunjwa ikawa chuma chakavu mwaka 1932. Kilichopo Paterson ni ndugu zake wawili wakubwa, ambao hawakuwahi kuingia jeshini. Lakini ukitaka kuielewa ile iliyoingia, mimi naona hakuna mahali pazuri kuliko hapa.

Makumbusho yenyewe yako mtaa wa Market, ndani ya jengo la matofali la kiwanda cha zamani cha Rogers, walikokuwa wakiunganisha vichwa vya treni za mvuke. Ndani kuna mashine za kufumia hariri na bunduki za Colt za enzi za Paterson. Vyote vizuri, ila mimi nilivipita haraka.

Ya kwanza ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Urefu wake mita 4.3 tu, ya mtu mmoja. John Philip Holland aliijaribu mwaka 1878 kwenye mto Passaic, mto huohuo unaopita hapo mjini. Holland alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa Ireland aliyehamia Marekani mwaka 1873 na kufundisha shule ya parokia Paterson. Injini yake ya mafuta ilimgomea, akaamua kuiendesha kwa mvuke uliopita kwenye mpira kutoka boti nyingine iliyokuwa pembeni. Alipopata alichotaka kujua, aling'oa mitambo, kisha nyambizi akaizamisha mwenyewe mtoni. Ikakaa matopeni mpaka mwaka 1927, vijana wa mjini walipoitoa. Leo ni ganda tupu la chuma kilicholiwa na kutu.

Mpwa wangu aliizunguka akiwa kimya, kisha akaniuliza:

"Mjomba, mtu aliingia humu?"

"Aliingia."

"Akafunga mlango?"

"Akafunga."

Akairudia kuizunguka upya. Mtoto huyu hakai sehemu moja dakika tano, lakini pale alikaa.

Ya pili ndiyo inayokushika. Inaitwa Fenian Ram, ya mwaka 1881, mita 9.4, tani 19, watu watatu. Fedha zilitoka kwa Wafenia, Wairishi wa Marekani waliotaka silaha ya kuipiga Uingereza baharini. Simama ubavuni mwake uangalie umbo: imechongoka mbele na nyuma kama jodari, na ukiufuata mstari wa ribiti utaona alivyofikiri yule mwalimu. Wengi kabla yake walitaka chombo kizame kama jiwe kinachoshushwa kwa kamba, wima. Yeye alitaka kiende kama pomboo: kibaki chepesi kidogo kuliko maji, uzito wake usihamehame, halafu kisukumwe chini na rafadha, yaani panga la nyuma linalozunguka, huku mabawa ya nyuma yakiinamisha pua. Rafadha ikisimama, chombo kinapanda chenyewe. Mvuvi yeyote wa kwetu ataelewa hilo bila kuchorewa.

Mwaka 1883 Wafenia waligombana wenyewe kwa wenyewe kuhusu fedha, baadhi yao wakaiiba usiku na kuivuta kwa tagi, boti ya kuvutia vyombo vingine, hadi New Haven. Kuiendesha hawakujua. Mwaka 1916 ilionyeshwa New York kuchangisha fedha kwa ajili ya Wairishi walioathirika na maasi ya Dublin.

Sasa nirudi kwa ile isiyokuwepo, maana pale kati ya hizi mbili ndipo nilipomsimulia kijana. USS Holland ilishushwa majini tarehe 17 Mei 1897 huko Elizabeth, New Jersey. Mita 16.4, watu sita, injini ya petroli kwa juu ya maji na mota ya umeme kwa chini, na injini hiyohiyo ikichaji betri. Oktoba mwaka huo mfanyakazi mmoja aliacha vali wazi, chombo kikazama kikiwa gatini na kulala majini saa 18. Maji ya chumvi ndani ya mota! Walijaribu kukausha kwa joto la nje, wapi. Ikabidi aitwe fundi umeme, Frank Cable, ambaye alipitisha umeme kinyume kwenye amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ili koili zipate moto kutokea ndani na kufukuza unyevu. Ikafanya kazi.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka mzee aliyenifundisha. Mota ikinywa maji ya bahari tuliiosha kwa maji matamu, tukaianika, tukaifungia ndani ya boksi na taa kali usiku kucha. Taa zikishindwa, mzee alichukua mashine ya kuchomelea, akapitisha umeme mdogo kwenye koili huku kiganja chake kikiwa juu ya bodi kusikilizia joto. Ni dawa ileile, miaka mia baadaye, na sidhani kama jina la Cable aliwahi kulisikia.

"Ilizamisha meli ngapi?" kijana akauliza.

Hata moja. Jeshi liliinunua tarehe 11 Aprili 1900 kwa dola 150,000, wakati kampuni ya Holland ilikuwa imeshatumia zaidi ya 236,000. Septemba, kwenye mazoezi karibu na Newport, iliinyemelea meli ya vita Kearsarge usiku ikajitangazia kuwa imeilipua. Oktoba 12 ikakabidhiwa rasmi kwa Luteni Harry Caldwell, kisha ikapelekwa Annapolis kwenye chuo cha maofisa wa wanamaji. Huko ilifundisha wanafunzi mpaka mwaka 1905. Periskopu, bomba la kuchungulia juu ya maji, haikuwa nayo. Nahodha alichungulia kwa vidirisha vya mnarani, kwa hiyo kila akitaka kuona lazima aibuke kidogo. Baadaye ikahamia Norfolk, ikafutwa kwenye orodha mwaka 1910, ikauzwa mwaka 1913 kwa dola 100. Mwalimu aliunda chombo, nacho kikawa mwalimu. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko meli kumi zilizozamishwa, na nilimwambia kijana hivyohivyo.

Kama unataka nyambizi ya kuingia ndani, yenye vitanda na mabomba, nenda Groton, Connecticut, kwenye USS Nautilus. Paterson ni kwa mtu anayependa kuona wazo likiwa bado changa, na kwa fundi ni lazima. Kutoka kituo cha treni tulitembea kwa miguu bila shida. Angalia kwanza saa za kufungua, na ukiwa na mtoto mpe muda kwenye ile ndogo kabla ya kumpeleka kwenye kubwa.

Wangu, tulipokuwa tunatoka, aliomba turudi mara moja. Akaipima ile ya kwanza kwa hatua zake kuanzia pua hadi mkia. Saba.