Kanuni zipi ununue kwa michezo ya njozi ya mezani

Katika michezo hii kila mchezaji huigiza mhusika, msimamizi huendesha hadithi, na dadu huamua matokeo; mfumo ni seti ya kanuni zake. Mfumo unaokufaa ni ule utakaolazimika kuubadili kidogo. Kabla ya kutoa hela, andikeni mambo matatu ambayo meza yenu inayataka: uchawi uwe adimu, mapambano yaishe upesi, wahusika wafe kweli, na kadhalika. Mfumo unaokulazimisha kugeuza mawili kati ya hayo uache dukani.

1. Dungeons & Dragons, toleo la tano. Unaongoza kwa sababu ya kawaida kabisa: wachezaji wanaoujua hawatafutwi kwa tochi. Usinunue vitabu vitatu kwa mpigo. Kiini cha kanuni, SRD, kinapatikana bure chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu 2023 na kinatosha kuanzia. Mkiupenda, nunueni Player's Handbook (kitabu cha wachezaji) kwanza, vingine baadaye. Kuna chapa ya 2014 na ya 2024. Zinaelewana, ila amueni mapema meza inafuata ipi, la sivyo kila kikao kitakuwa na ubishi.

Panapovuja ni kwenye mapumziko, yaani pale wahusika wanaporudishiwa nguvu na uchawi. Kanuni za 2014 zilikadiria mapambano 6 hadi 8 kwa siku moja ya mchezo. Meza nyingi hupigana mara moja tu, basi mchawi anamwaga uchawi wake wote huku mpiga upanga akibaki mtazamaji. Dawa imo kwenye mwongozo wa msimamizi wa 2014: pumziko fupi liwe saa 8, refu liwe siku 7. Jaribuni hilo kabla ya kugusa namba za mazimwi.

Kanuni moja ya kienyeji, iliyobuniwa na wachezaji wenyewe, tunaikataa kabisa: "ukipata 1 kwenye dadu ya pande 20, silaha inakuponyoka." Anayepiga mara moja kwa zamu ana uwezekano wa 5% wa kuangusha upanga. Mpiganaji wa ngazi ya 20 (ya juu kabisa kiujuzi), mwenye mapigo 4 kwa zamu, anafikia karibu 19%. Bingwa anageuka kuwa mzembe kuliko mwanafunzi!

2. Cairn. Ni bure, na leseni yake inaruhusu kuichezea upendavyo. Hakuna dadu ya kuona kama umelenga. Unarusha dadu ya silaha, deraya inapunguza madhara, yanayobaki yanakula pointi za kinga, na kinga ikiisha yanaingia kwenye nguvu za mwili. Kuhamisha zimwi kutoka mfumo mwingine ni kazi ya dakika: la kawaida lipe kinga 3, gumu 6, la kutisha 10 au zaidi. Mizigo ina nafasi 10. Zikijaa zote, kinga inashuka hadi 0. Waliozoea Dungeons & Dragons huvamia kila chumba na kufa mapema, kwa hiyo waonye kabla ya kuanza.

3. Pathfinder, toleo la pili. Ni kwa wapenda hesabu. Kila zamu ina vitendo 3, na ukivuka namba unayotakiwa kufikia kwa 10 unapata ufanisi wa juu, ndiyo maana nyongeza ya +1 tu kwenye dadu ina uzito. Kanuni zipo bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Mkitaka dunia yenye uchawi adimu, msifute tu silaha za kichawi: hesabu za mazimwi zinatarajia mchezaji awe na +1 ya kupiga kufikia ngazi ya 2 na dadu ya pili ya madhara kufikia ya 4. Tumieni kanuni ya hiari inayotoa nyongeza hizo zenyewe kadiri ngazi zinavyopanda.

4. Dungeon World. Dadu 2 za pande 6: jumla ya 10 na kuendelea ni ushindi, 7 hadi 9 ni ushindi wenye gharama, 6 kushuka ni balaa. Hadithi inakimbia, lakini mfumo hauvumilii zawadi za namba. Mwenye nyongeza ya +3 kwenye jumla hushinda wazi kwa 58%. Ukimpa pete ya +1 anaruka hadi 72%, na balaa linabaki 3% tu. Toa vifaa vinavyofungua jambo jipya, si vinavyoongeza namba.

Mfumo wowote mtakaouchukua, badilini kanuni moja kwa wakati, iandikeni kwenye karatasi iliyo mezani, na muipe vikao vitatu kabla ya kugusa nyingine. Dadu: seti ya 7 kwa kila mchezaji ikiwezekana, na nyongeza za pande 6 kwa wachawi wa moto.