Vikao Sita vya Tiba ya Hofu ya Sindano: Tathmini ya Mteja

Nimemaliza vikao sita vya tiba ya fobia, yaani hofu iliyopita kiasi, katika kituo kimoja cha ushauri nasaha, ambako nilikwenda kwa sababu ya woga wa sindano, na ningependa kuwaeleza wanaofikiria kutafuta huduma kama hii niliyoyaona, yakiwamo yaliyonikera.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha maswali tu, nacho kilinifaa mno. Mshauri alitaka kujua ninavyoishi tangu siku ninapopewa miadi ya kupima damu hadi siku yenyewe. Katika kumjibu ndipo nilipogundua kwamba usingizi hunipotea siku mbili kabla, kwamba huwa mkali kwa watu wa nyumbani bila sababu, kwamba huwaza sindano ikikatikia ndani ya mshipa, na kwamba nikiahirisha miadi hupata nafuu kubwa, karibu ya furaha. Alinieleza kuwa nafuu hiyo ndiyo inayoilisha hofu, hoja aliyoitoa mwanasaikolojia Mowrer mwaka 1947: kila ukikwepa unatulia, na kila ukitulia unajifunza kukwepa tena. Mimi kwa miaka yote hiyo nilijihesabu kuwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Kikao cha pili kilinivunja moyo. Niliagizwa nilegeze mwili na kupumua polepole huku nikitazama picha ya sindano, nikazimia. Njia hiyo ya kulegea, iliyoenezwa na daktari wa magonjwa ya akili Joseph Wolpe kwa kitabu chake cha mwaka 1958, ina mantiki kwa anayeogopa mbwa au buibui, kwa kuwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu humpanda. Kwa wengi wanaoogopa damu na sindano, shinikizo hupanda kidogo kisha huporomoka ghafla, na ubongo ukipungukiwa damu mtu huanguka. Kumwambia mtu wa namna hiyo alegee ni kumharakishia kuanguka. Swali la iwapo nimewahi kuzimia lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, na halikuulizwa.

Ninakipongeza kituo kwa kunihamishia mara moja kwa mshauri mwenye uzoefu zaidi. Yeye alinifundisha kukaza misuli, mbinu iliyofanyiwa kazi na mwanasaikolojia Lars-Göran Öst na wenzake nchini Uswidi katika miaka ya 1980: unakaza mikono, miguu na kifua kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, unaachia kwa sekunde 20 hadi 30, kisha unarudia mara tano. Tangu hapo sijazimia.

Baada ya hapo tulipanda ngazi: picha, video, sindano iliyo ndani ya pakiti yake, pamba yenye spiriti mkononi, hatimaye kutolewa damu. Kabla ya kila hatua niliandika nilichotabiri kingetokea, na baadaye tukalinganisha. Nilikuwa nimetabiri kupiga kelele na kukimbia. Kilichonitokea ni jasho. Nilikatazwa pia kugeuza uso, kufanya mzaha au kuhesabu vigae vya dari, vijinjia vya kukwepa nilivyodhani hakuna aliyeviona.

Kasoro iliyobaki ni muda. Kikao cha dakika 50 hukatika wakati hofu ndiyo kwanza inaanza kushuka, ilhali Öst mwenyewe, katika tiba yake ya kikao kimoja aliyoieleza mwaka 1989, aliruhusu hadi saa tatu. Vilevile hakuna ufuatiliaji wowote baada ya kikao cha sita, jambo ambalo ni upungufu mkubwa, kwa maana hofu ya aina hii huweza kurudi mtu asipoendelea kujizoeza.

Hata hivyo ningekwenda tena, na ningemshauri mwenye woga wa sindano aende, mradi aeleze tangu mlangoni kama huwa anazimia. Katika mizani ya 0 hadi 100, hofu yangu ilianza na 95, na siku ya kutolewa damu niliandika 35. Wiki tatu baadaye niling'olewa jino bovu nililokuwa nimelivumilia kwa muda mrefu, na sindano ya ganzi niliitazama mpaka ilipoingia mdomoni.