Gavana wa Kaunti au Mkurugenzi wa Halmashauri?
Kenya, mwananchi humchagua gavana wake, na Katiba ya 2010 inazihakikishia kaunti 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Tanzania, diwani huchaguliwa, lakini mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Tazama kodi ya majengo: mwaka 2016 ilitolewa kwenye halmashauri ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla. Ukusanyaji umerahisika, kweli, ila diwani anayeulizwa kuhusu mtaro ulioziba hana sauti juu ya fedha hiyo. Kenya nako mgao wa fedha za kaunti huchelewa kutoka Nairobi, wahudumu wa afya wakagoma. Hata hivyo naupendelea ugatuzi wa Kenya, kwa kuwa gavana akivurunda wapiga kura wenyewe wanaweza kumwondoa kwenye uchaguzi.