Msaidizi wa AI wa kuandika msimbo: nilivyomwanzisha kwenye mradi wenye malipo ya M-Pesa

Kumsakinisha hakuna ugumu: amri moja kwenye terminali, unaingia kwa akaunti yako, basi. Ada ni ya dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba, bili nayo inayumba.

Kabla hajagusa chochote, fungua tawi jipya la git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), kisha umfungie faili ya .env, yenye siri za mradi, kwenye mipangilio ya ruhusa. Wengi huishia kwenye .gitignore, lakini hiyo inazuia faili isiingie kwenye git tu. Kwenye diski bado ipo, na Consumer Secret yako, yaani ufunguo wa siri wa Daraja (mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa), inasomeka.

Mwanzoni usimwombe aandike. Mwambie asome mradi, akueleze malipo yanapita wapi tangu mteja abonyeze kitufe hadi hifadhidata. Msahihishe, kisha uweke yaliyo sahihi kwenye faili ya maelekezo anayoisoma kila kikao kikianza. Yangu ni fupi: amri ya kuendesha majaribio, folda zisizoguswa, na kanuni za M-Pesa. Namba ya simu ianze na 254 bila alama ya kujumlisha. Kiasi kiwe shilingi kamili. Timestamp (tarehe na saa) iliyotumika kuunda Password ya ombi iwe ileile inayotumwa kwenye ombi. Yeye hupenda kuita saa mara mbili, sekunde ikisonga katikati, Password haioani tena.

Kosa lake kubwa liko kwenye STK Push, ombi la malipo linalojitokeza kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. Akipata ResponseCode 0 anaandika kwamba oda imelipwa. Sifuri hiyo inamaanisha ombi limepokelewa tu. Mteja hata PIN hajaweka. Jibu lenyewe huja baadaye kwenye CallBackURL, anwani ya seva yako, likiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1032 ameghairi. Oda uitafute kwa CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi hilo.

Majaribio anayoyaandika mwenyewe hayalinasi kosa hili, maana yamejengwa juu ya dhana ileile. Andika jaribio la 1032 kwa mkono wako, uhakikishe linafeli, ndipo umwagize arekebishe msimbo bila kugusa jaribio. Hilo la mwisho lisisitize, kwa sababu akibanwa hulegeza jaribio ili lipite.

Kazi ikiisha, funga kikao. Mazungumzo marefu yanakula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo AI huvihesabu), na maagizo ya asubuhi yanaanza kupotea. Kiswahili anakielewa vizuri, ila mwambie majina ya vigeu yabaki Kiingereza, la sivyo utakuta malipoStatus na jinaLaUser kila mahali.

Kwa kupekua msimbo wa zamani ulioachwa bila nyaraka, ninamlipia bila kinyongo. Kupanga vitufe kwenye ukurasa mmoja, toleo la bure la kwenye kivinjari linatosha.